Jani Lililopigwa Pasi

Wodi ya Macho, kitanda cha dirishani
4 Machi

Dada yangu,

Nimefika salama, mgongo tu ndio umekuwa ubao. Usishangae herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, ndogo sizioni. Simu nimekuachia makusudi, kwani daktari hataki nitazame mwanga wake. Tutaandikiana kama wazee wetu walivyofanya.

Upasuaji ni Jumatatu ile ile waliyotuambia. Jicho la kulia wamesema tusilisumbue tena, limeshakwenda zake. Wanataka kuliokoa la kushoto. Likiokoka, nitarudi dukani kutengeneza saa zangu. Niombee.

Sasa, kuhusu tangi langu la kioo. Niliondoka kwa haraka sikukueleza. Samaki hawana neno, wape chakula cha kubana kwa vidole viwili. Wenye kazi ni mimea. Majina ya dukani yanavunja ulimi, kwa hiyo nakupa ya nyumbani.

Wale warefu wembamba kwa nyuma ni Utepe. Hutuma kamba chini ya mchanga, mtoto akachomoza pembeni. Mtoto mwache. Yule mwenye jani gumu kama la kiatu, niliyemfunga juu ya jiwe kwa uzi wa kushonea, ni Ngozi. Shina lake linalala, usilifukie, litaoza. Anayeelea bila mizizi, kama mkia wa paka aliyeogopa, ni Mkia.

Wa katikati ni Mkwe. Huyu unamjua. Jani lake juu kijani kibichi, chini rangi ya maini, na ukingo una mawimbi kama upindo wa gauni lililoshonwa na fundi mwenye haraka. Marehemu wifi yako alimleta kwenye mfuko wa nailoni akasema, "Huyu kama mama yangu, akishakaa kwenye kiti usimwambie ahamie kingine." Mkwe haguswi, Dada. Hang'olewi, hasogezwi.

Maji utoe robo tu kila wiki, na utie yaliyolala kwenye ndoo. Yakiwa na rangi ya chai usishtuke, inatoka kwenye kipande cha mti. Ukoga wa kijani kwenye kioo nao ni mzima tu. Nakujua, Dada Pasi. Ukiona kitu kina rangi unataka kukiloweka.

Nikirudi nimkute Mkwe pale pale. Hilo tu ndilo ombi langu.

Mdogo wako,
Fundi

*

Nyumbani
12 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata leo nikitoka kazini. Ingenifikia kabla ya Jumamosi ingekuwa vizuri zaidi, lakini posta ndiyo hivyo.

Jumatatu yako nilisali tangu alfajiri. Kazini wenzangu walikuwa wanakunja shuka za hoteli, mimi nakunja huku midomo inacheza, mpaka msimamizi akauliza nina ugomvi na nani. Nikamwambia namsemesha Mungu, asituingilie. Akaondoka.

Nyumba nimeifanyia usafi mkubwa hiyo Jumamosi. Pazia, sakafu, kila kitu. Na vioo. Nilitaka ukirudi ukute panang'aa.

Utepe hajambo. Ngozi hajambo, nimehakikisha hajafukiwa. Mkia anaelea. Samaki wanakula kama hawajawahi kuona chakula.

Mkwe yupo. Yupo pale pale.

Nakumbuka baada ya mazishi ya wifi yangu ulivyofunga duka, ukakaa mbele ya kioo hicho bila kusema na mtu, hata mimi. Halafu siku moja ukaniita, "Dada, njoo uone, ametoa jani." Nikajua umerudi kwetu. Kwa hiyo usidhani sijui huyo mmea ni nani.

Niandikie hali ya jicho. Usinifiche.

Dada yako

*

Wodi ya Macho
25 Machi

Dada yangu,

Ukiona mwandiko umebadilika usiogope. Macho yote mawili yamefungwa bendeji, kwa hiyo anayeandika ni jirani yangu wa kitanda cha pili. Aliendesha malori miaka mingi, tunamwita Dereva. (Ni mimi. Shikamoo, mama. Naandika anachosema, siongezi wala sipunguzi. Hapa nimeongeza kidogo.)

Upasuaji umekwisha. Daktari alikuja akanishika bega akasema tusubiri. Sauti yake ilikuwa nzuri.

Gizani humu napita kwenye tangi langu kila siku. Naanzia kushoto, Utepe, halafu Ngozi kwenye jiwe, halafu Mkwe. Nikifika kwa Mkwe nakaa. Umesema yupo pale pale. Sasa niambie zaidi. Anatoa jani? La katikati au la pembeni?

Dereva anasema hajawahi kuona mwanamume mzima anaulizia hali ya majani kama anaulizia watoto. Nimemwambia yeye alikuwa anaulizia matairi.

Mdogo wako,
Fundi

*

Nyumbani
6 Aprili

Mdogo wangu,

Mpe Dereva salamu zangu, marahaba, na umwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wako hata ulipokuwa na macho yote.

Mkwe anaendelea vizuri sana. Ametoa majani mawili, la katikati na la pembeni. Makubwa. Kijani kibichi kama ulivyosema. Amejaa mpaka anamziba Ngozi.

Siku hizi nikitoka kazini naweka kiti pale pale ulipokuwa unaweka chako. Nasali hapo. Kusema kweli, sala hazipandi kama zamani. Pengine ni uchovu, mashine mbili zimeharibika tunafua mataulo kwa mkono.

Wewe jicho vipi? Bendeji bado?

Dada yako

*

Wodi ya Macho
17 Aprili

Dada yangu,

Bendeji zimetolewa. Naona vizuri. Dirishani kuna mti na chini yake wauguzi wanakaa mchana kula. Mmoja ana sweta la bluu. Dereva anaendelea kuniandikia kwa sababu daktari hataki nichoshe jicho, basi.

Nimefurahi Mkwe amejaa. Naomba kitu. Kata jani moja, la chini lililozeeka, usikate changa. Ulikatie karibu na mchanga. Nitumie kwenye bahasha. Nataka kulishika tu. Humu ndani kila kitu kinanuka dawa.

Mdogo wako,
Fundi

*

Nyumbani
28 Aprili

Mdogo wangu,

Jani hili hapa. Niliogopa litaoza njiani, nikaliweka kati ya vitambaa viwili nikalipiga pasi, moto mdogo tu. Ndiyo kazi ninayoijua.

Namshukuru Mungu kwa jicho lako. Nilipiga magoti jikoni, sufuria ikaungua, nikaiacha iungue.

Unarudi lini?

Dada yako

*

Wodi ya Macho
9 Mei

Dada yangu,

Jani nimeliona. Ni zuri. Juu kijani kibichi, chini rangi ya maini, kama nilivyoliacha. Ahsante kwa kazi yote uliyoifanya.

Kuhusu kurudi. Nimepata nafasi ya kazi huku, kwenye karakana ya saa. Chumba kipo. Nimefikiri sana nikaona nibaki. Duka langu wape wanaolitaka. Na tangi pia, kama kuna mtu anapenda samaki, mpe. Usijichoshe nalo tena.

Usije huku. Safari ni ndefu na miguu yako naijua. Nitakuandikia nikitulia.

Mdogo wako,
Fundi

*

Nyumbani
15 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kazini, nimeegemea mashine ya kukausha, mpaka mwenzangu akaninyang'anya shuka mkononi akidhani nimeunguzwa.

Huoni, Fundi.

Jani nililokutumia lilitoka kwenye pasi yangu limekuwa rangi ya majani makavu ya chai. Juu na chini sawasawa. Niliogopa utanigombeza kwa hilo. Mtu mwenye jicho, hata nusu jicho, asingeniambia kijani kibichi. Na sweta la bluu sijui ulilitoa wapi.

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo asubuhi, nikitaka kukukasirikia. Halafu nikaona sina mahali pa kusimama, kwa sababu na mimi nimekudanganya. Dereva, usiruke mstari, msomee yote.

Mkwe amekwisha. Jumamosi ile, kabla barua yako ya kwanza haijafika, niliona maji ya rangi ya chai na ukoga kwenye kioo nikaona aibu. Nikasema mdogo wangu anaishi na uchafu, na mimi ni dobi. Samaki nikawaweka kwenye beseni. Maji nikamwaga yote. Mkwe nikamng'oa, nikamsugua jani moja moja kwa mswaki laini, nikamrudisha pale pale. Sabuni sikutia, Mungu ni shahidi wangu. Aling'aa. Nilijisifu.

Barua yako ikafika. Kabla wiki haijaisha majani yakaanza kuwa kama kioo, halafu kama uji. Nikigusa jani linabaki kidoleni. Yakaondoka yote, hata moja halikubaki. Nilivuta shina nilitupe, likakataa. Nikaona haya kumng'oa mara ya pili, nikaliacha humo chini ya mchanga.

Nikaenda duka la samaki na maelezo yako mkononi. Kijana wa pale akanipa mmoja akasema ndiye huyu. Nikampanda mbele yake amzibe. Jani ulilopokea ni la huyo mgeni. Majani mawili mapya niliyatunga.

Nilifanya hivyo kwa sababu niliona ukisikia Mkwe hayupo hutakuwa na cha kurudia. Nilisali juu ya jambo hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nilijua jibu, nikainuka nikaenda kazini bila kulifuata.

Sasa na wewe niambie kweli. Hiyo karakana ipo?

Dada yako

*

Wodi ya Macho
24 Mei

Dada yangu,

Karakana haipo. Saa gani nitengeneze, nikisikiliza tu? Bendeji zilipotolewa nilifikiri wamesahau kutoa nyingine ya ndani. Daktari akasema pole. Mti upo, sweta lipo, aliniambia Dereva. Mwanamke wa ofisi ya ustawi alikuja akasema kuna nyumba wanayokaa watu kama mimi, wanafundishwa kusuka viti. Nikasema sawa. Ulinilea mgongoni wewe, Dada, baada ya mama. Nilisema hutanibeba mara mbili.

Jani lako nilijua siku ile ile. Nilipitisha kidole ukingoni, umenyooka. Mkwe hata umpige pasi ya mkaa hanyooki. Nikasema basi, ameondoka, na dada anahangaika nisijue. Nikaona nikirudi ni kukaa mbele ya kioo nisichokiona, na ndani yake hayupo. Ndipo nikaandika ile barua.

Sikukasirika. Ningekuwa mimi nimepewa pasi zako nizitunze, ningezitia mafuta ya saa.

Lakini kuna mstari nilimwambia Dereva aurudie mara mbili. Umesema ulivuta shina likakataa. Dada, mzizi uliooza haukatai, unakuja kama uzi kwenye siagi. Mkwe alishawahi kufanya hivi. Tulipohama kutoka chumba cha kupanga tulimhamisha, akayeyuka wote. Wifi yako alilia, akasema tumemuua mama. Nilitaka kutupa mchanga, akanizuia. Alikaa hivyo muda mrefu, mchanga mtupu, tukawa tunawasha taa kwa ajili ya mchanga. Halafu akarudi. Ile ni hasira yake. Anaachia majani, mzizi haachii.

Weka kidole pale. Taratibu. Uniambie kweli, hata kama ni mbaya.

Mimi kurudi, sijui. Mkwe ana mizizi yake. Mimi najigonga hata kwenye kitanda changu mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi

(Mama, hii ni ya Dereva, yeye amelala. Siku ile ya jani niliona ni la kahawia. Aliposema andika kijani kibichi, niliandika kijani kibichi. Nilijiambia dada mtu akisoma ataelewa. Nisamehe kwa kukuchelewesha. Nyumba ya kusuka viti wanamchukua mwisho wa mwezi wa sita. Hali chakula vizuri.)

*

Nyumbani
3 Juni

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyosema. Nimepandisha mkono wa blauzi mpaka begani, na kabla sijaingiza mkono nikafunga macho kwa kitambaa cha kichwa. Nilitaka kujua ulipo.

Mara ya kwanza niliangusha kopo la chakula cha samaki. Mara ya pili nilijikwaa kwenye kiti changu mwenyewe. Nikakaa chini nikacheka, halafu sikucheka tena. Nikasema, Mungu wangu, mdogo wangu anaamka hivi kila siku.

Halafu nikaingiza mkono. Utepe unateleza, unapita katikati ya vidole kama utepe wa kweli, na pembeni yake kuna watoto watatu, sikuwa nimewaona kwa macho. Ngozi ni mgumu na wa baridi, ule uzi wako bado upo, nimegusa hadi fundo. Mkia ananichoma kidogo. Nilipofika kati nikamgusa yule mgeni, ukingo umenyooka kama shuka ya hoteli. Nikapita nyuma yake. Mchanga mtupu. Nikaweka kidole, nikakishusha taratibu.

Kuna kitu kimeshika, Fundi. Kama nyuzi nyingi, zimekwenda mbali, mpaka chini ya jiwe la Ngozi. Na juu yake kuna kitu kidogo kimejiviringisha kama karatasi, urefu wa kucha yangu. Nikapitisha kidole ukingoni polepole sana. Una mawimbi.

Sikufungua macho hapo hapo. Nilikaa na mkono ndani ya maji mpaka samaki wakaja kuutafuna. Nililia, na machozi mengine yalidondokea humo humo. Kama chumvi inawadhuru, uniambie.

Sala ya siku hiyo ilipanda.

Mgeni nimemhamishia kwenye chupa ya dirishani, tumpe jina. Sasa sikiliza. Unasema hutaki nikubebe. Sijakuomba upande mgongoni. Hapa nina tangi lisilojulikana lina nini. Ngozi ametoboka. Matundu madogo, kijana wa duka anasema ni konokono, mwenzangu kazini anasema ni maradhi, mimi nataka kumsugua na nimeukamata mkono wangu. Nakutumia jani lake. Safari hii sikulipiga pasi, liko kwenye kitambaa chenye maji ndani ya nailoni, kama wifi yangu alivyomleta Mkwe. Lishike, uniambie lina nini. Sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Kitanda chako nimekisogeza kikae karibu na tangi. Viti vyote nimevibana ukutani, havitatoka hapo. Nimepita chumba kizima nimefunga macho, kutoka mlangoni mpaka kwa Mkwe, bila kugonga kitu.

Kusuka viti kama unapenda, utasuka hapa. Cha jikoni kimetoboka siku nyingi.

Dada yako

*

(Mwandiko ni wake mwenyewe, mama. Nimemkatia kipande cha boksi apitishe kalamu chini yake, mistari mingine imepandana. Nimekataa kumsaidia. Dereva.)

12 Juni

Dada,

Jani limefika likiwa bichi. Matundu ni madogo, ya mviringo, na pembeni yake jani limelainika. Konokono angekula kuanzia ukingoni akaacha kingo kali. Hiyo ni njaa. Amekosa mbolea tangu niondoke, ni kosa langu sikukuambia. Kopo liko kwenye droo ya saa mbovu. Usimtilie wewe, utamzidishia.

Chumvi ya machozi haidhuru.

Ofisi ya ustawi nimewaambia hapana. Naja na gari la Jumanne asubuhi, si hii ijayo, ile ya pili. Dereva ameruhusiwa, atanifikisha mpaka mlangoni, anasema anataka kumwona huyo Mkwe aliyemmalizia wino.

Maji usibadilishe. Robo ya wiki hiyo tutatoa pamoja, wewe ushike ndoo.

Fundi